Nani Kasema Shighatini Hakuliki?

Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, simu yangu hugeuka ofisi ya utalii. Kuna mwenzangu wa kazini anayepanda Upareni kuzika, kuna kamati inayopeleka mahari, kuna vijana wanne wa Dar es Salaam wenye mabegi mgongoni wanaotaka kuuona msitu wa Kindoroko. Kwanza huuliza njia. Nikishawaambia washuke Mwanga mjini, watafute gari la Kikweni, kisha waendelee na gari la juu au wachukue bodaboda, swali lenyewe hufuata: "Na huko Shighatini tutakula nini, kwa shilingi ngapi?"

Sijafungua mdomo, wameshajijibu. Hakuna pa kula. Wapare wabahili. Ni makande mchana, makande jioni. Halafu mwingine anadakia kutoka upande wa pili: ah, mlimani kila kitu kinaota, mtakula bure.

Nimezaliwa Shighatini, kwa hiyo msinihesabu kama hakimu asiye na upande. Ila nimepeleka wageni kwetu mara za kutosha, na bili nimelipa mimi mara za kutosha, hadi najua kwamba karibu kila linalosemwa lina kaukweli kadogo ndani yake, kamezungushiwa uongo mnene. Niyapitie moja moja.

"Kule juu hakuna pa kula, beba mikate."

Aliyeleta habari hii alikuwa akitafuta ubao. Mjini tumezoea hoteli ijitangaze: jina ukutani, picha ya kuku, kijana mlangoni anayekuvuta mkono. Kwetu pa kula panatambulika kwa moshi na kwa pikipiki zilizoegeshwa. Ukiona pikipiki tano mbele ya chumba kimoja chenye pazia mlangoni, na ndoo ya maji ya kunawa juu ya kigoda, ingia. Hapo ndipo wanapokula madereva, mafundi, walimu, na mtu aliyekuja ofisi ya kata kufuata muhuri.

Ila kuna saa zake. Chai, chapati, maandazi, na supu siku ya machinjo, ni kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne. Wali au ugali na maharage, mboga za majani, kipande cha nyama kwa anayetaka, ni saa sita mpaka saa nane na nusu. Saa tisa sufuria zimeshasuguliwa, zimeanikwa juani. Mgeni wetu aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri anafika Mwanga mchana, anangoja gari lijae, anapanda, anashuka juu saa kumi. Anazunguka, anakuta mapazia yameteremshwa, anaandika kichwani: hakuna pa kula.

Mbona mama hapiki zaidi akamngoja? Swali hili huulizwa na mtu ambaye hajawahi kuuza chakula. Mama yule hana friji, na hata angekuwa nalo asingelijaza wali wa jana. Anawajua kwa majina watu watakaokula kwake leo. Kilo moja ya mchele inatoa sahani saba, nane ikiwa mkono ni mwepesi. Akipika kilo nne anajua zile sahani thelathini zinakwenda kwa nani, na moja mbili ni za mpita njia. Wali ukibaki jioni, hiyo ni faida ya siku nzima imelala kwenye sufuria. Kwa hiyo anapika kwa idadi. Ninyi mkiibuka watu tisa bila taarifa, mmeikuta hoteli iliyofanya hesabu zake vizuri, ila haikuwahesabu ninyi.

Dawa ni simu moja. Namba yake dereva yeyote wa bodaboda anayo, maana yeye mwenyewe hula pale kwa mkopo. Mpigie mama jana yake, mwambie mko wangapi na mtafika saa ngapi, naye atawatajia bei papo hapo. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, sahani ya wali maharage na mchicha nililipa 2,000, yenye nyama 3,000, na kupiga simu hakukuongeza hata shilingi. Atakachoomba ni advansi ya kununulia vitu, nanyi mtume pamoja na ya kutolea. Anayetuma kamili bila ya kutolea ajue ameshajipunguzia nyama.

"Wapare wabahili, watakuhesabia punje."

Utani wenyewe mnaujua. Mpare ametundika samaki mkavu juu ya meza. Watoto wanamega ugali, wanamwangalia samaki, wanameza. Mtoto akimwangalia mara mbili kwa tonge moja anachapwa. Nimeusikia Moshi, nimeusikia Tanga, nimeusikia kwenye daladala la Mbagala, na nimeucheka kila mara kwa sababu kamba ile naijua.

Jikoni kwa bibi yangu samaki walitundikwa kweli. Walikuwa perege wa Nyumba ya Mungu, wamepasuliwa, wamepitishiwa ufito machoni, wananing'inia juu ya mafiga mpaka wakawa na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960 kule chini tambarare, na tangu hapo samaki wake wamekuwa kitoweo cha milimani. Wengine hutoka Ziwa Jipe, mpakani na Kenya. Samaki haoti mlimani. Anapandishwa siku ya gulio, na gulio lina siku yake. Ukitaka uwe naye siku ambazo hakuna gulio, umtundike kwenye moshi, panya asimfikie na funza wasimguse. Bibi alichomoa mmoja, akamtia maji ya moto, akamtoa miiba kwa vidole, taratibu, huku akituhadithia, kisha akammimina kwenye rojo la nyanya na karanga. Tulikula watu saba, tukashiba. Sasa mgeni aliyechungulia jikoni akaona samaki tisa juu na mmoja chunguni alisimulia alichokiona. Hakuuliza wale tisa ni wa lini.

Kuna na habari nzito kuliko utani. Mwaka 1945 Wapare waligoma kulipa mbiru, kodi ya kikoloni iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake kisha apangiwe kiwango chake. Maelfu walishuka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Kodi ya kichwa walikuwa radhi kuilipa. Kilichowakera ni makadirio ambayo hakuna aliyeweza kuwaonyesha yametoka wapi. Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu mkubwa na mtoto wa Upare, aliandika kitabu juu ya mgomo ule. Mimi nikiufikiria, macho yangu huenda jikoni. Umati wa maelfu haukai ugenini ukashiba hewa. Kuna vihenge vilivyofunguliwa kule milimani ili watu wale wakae, na vihenge hivyo vilikuwa vya nyumba hizi hizi zinazotaniwa kuwa zinahesabu punje. Huenda kuhesabu ndiko kulikovifanya viwe na kitu ndani.

Kwa hiyo ndiyo, watu wanahesabu. Ukisahau chenji yako kibandani, mama atakukimbilia nayo mpaka njiani. Ukisahau kulipa atakukimbilia vilevile, kwa kasi ile ile.

"Ni makande tu, chakula cha bweni."

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa nina uchungu.

Aliyesoma bweni amekula makande yaliyopikiwa kwenye pipa: mahindi na maganda yake, maharage yaliyokaa stoo hadi yakapata wapangaji, chumvi iliyorushwa kwa koleo. Alikula hayo miaka minne, akaapa. Leo ukimtajia makande anashika tumbo. Simlaumu, ila alichokula kilikuwa adhabu iliyopewa jina la chakula chetu.

Makande yenyewe huanza jana. Mahindi makavu yanatiwa kinuni na maji kidogo, yanatwangwa kwa mkono usio na hasira, ganda litoke bila punje kuvunjika. Yanapepetwa, yanaoshwa, yanalowekwa usiku kucha. Asubuhi sufuria nzito inabandikwa, mahindi yakitangulia. Maharage yanafuata baadaye, kwa kuwa maharage mapya ya mlimani yana haraka; ukiyabandika pamoja yatapasuka na kuwa uji kabla hindi halijalainika. Kuni ziwe nene, moto uwe wa chini. Mama hatazami saa. Anachota hindi moja kwa mwiko, analipuliza, analibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiacha kiini kigumu cheupe, anafunika, anarudi kwenye kuchambua mboga. Likisagika lote vidoleni, ndipo anatia kitunguu, nyanya, chumvi, na mwisho kabisa maziwa. Hayo ni ya nyumba yetu. Jirani yetu hakutia maziwa. Alikata parachichi juu ya sahani makande yakiwa bado yanafuka moshi, na mimi utotoni nilikuwa na sababu nyingi za kwenda kucheza kwa jirani.

Sasa bei. Mwaka jana niliketi na mama mwenye kibanda nikamwomba anifanyie hesabu ya makande ya watu sita. Alizipanga njiti za kiberiti mezani. Mahindi kilo moja, 1,000. Maharage nusu kilo, 1,500. Nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi, 1,500. Maziwa, 1,000. Halafu akaweka njiti tatu kwa pamoja, akazisukuma kwangu: kuni, 3,000. Jumla 8,000. Anauza sahani 2,000, sita ni 12,000. Kilichobaki, 4,000, ni ujira wa kutwanga jana, kuamka alfajiri, na kukaa na moto nusu siku.

Ziangalieni zile njiti tatu. Kuni peke yake zimeyazidi mahindi mara tatu. Wageni hudhani kuni mlimani zinaokotwa tu, lakini misitu ya juu imehifadhiwa na anayeingia na shoka hujieleza. Kuni za kibandani hununuliwa, zimebebwa kichwani na mtu aliyetembea. Chakula kinachoiva dakika kumi kinakula mkaa wa dakika kumi. Makande yanakula nusu mzigo. Ndiyo maana hakuna mtu anayekaa na sufuria ya makande akikungojea wewe usiyejulikana unakuja lini.

Na hapa ndipo dai lenyewe linapojikwaa. Watu walioniambia "kule ni makande tu" nimewauliza mmoja mmoja walikula nini. Chipsi mayai. Wote. Walifika bila taarifa, wakapewa kinachoweza kukaangwa papo hapo. Makande waliyasikia kwa jina. Hawakuonja pia ndizi zilizopondwa na maharage zikachotwa kwa mwiko zikiwa nzito, wala magimbi ya kuchemsha na chai, wala mnavu uliopikwa ukaachiwa uchungu wake, wala chai ya tangawizi iliyolimwa ng'ambo kule Same, milima ya Mamba na Myamba, inayomkohoza mtu wa pwani kwa funda la kwanza. Dengelua, pombe yetu ya miwa, nayo ina wapenzi wake. Bei yake ni ndogo asubuhi, na mchana mnywaji haikumbuki tena.

"Mlimani kila kitu kinaota, basi bei iwe ya bure."

Huyu ni ndugu wa yule wa mikate, ila yeye amelalia ubavu wa pili. Anaona migomba imeinamia barabara, parachichi zimedondoka hadi mbuzi hawazitaki, kisha anaambiwa chipsi mayai ni 3,500 wakati Mwanga mjini amekula kwa 3,000. Anahisi ameibiwa.

Aangalie sahani yake. Viazi mviringo vile huenda vimetoka Lushoto. Mayai yametoka kwa mfugaji wa Moshi, yamepanda kwenye trei, na trei moja ikiruka kwenye kona mama amekula hasara. Mafuta yamepanda kwa dumu. Tomato sosi, chumvi, mkaa, hata kifungashio cha kutia kachumbari, vyote vimelipiwa nauli. Wali ni hivyo hivyo: mpunga hulimwa tambarare, Ndungu kwa upande wa Same au Kahe kwa upande wa Moshi. Sukari inatengenezwa kiwandani TPC, chini ya Moshi, si mbali kwa ramani, lakini kwa mfuko wa kilo hamsini mlima ni mlima. Masika barabara ikianza kuteleza, gari linapunguza safari, na duka linakumbuka kuwa sukari inapanda.

Sasa aangalie vinavyoteremka: ndizi, maharage, parachichi, magimbi, miwa. Hivi vikifika Kariakoo ndivyo vinavyokuwa na bei ya kutisha, kwa sababu nauli imevipanda vyenyewe. Msimu ukiwa mzuri nimenunua parachichi mlimani kwa 200, kubwa la kujaza kiganja, na wiki hiyo hiyo Dar es Salaam nikaliona dogo kuliko hilo likiuzwa 1,000 bila aibu. Kwetu kanuni ni nyepesi: ule kinachoteremka. Ukila kinachopanda, umekilipia nauli.

Mimi nina rafiki ambaye hawezi kula bila wali. Kila akija anagharimu mara mbili ya wenzake, na kila akirudi analalamika kwamba mlimani ni ghali.

"Wakijua wewe mgeni, wanapandisha."

Nisiwe mwongo. Inatokea. Kuna siku kijana alinitajia mkungu wa ndizi bei iliyonifanya niangalie nyuma yangu kuona anaongea na nani. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Nilipomjibu kwa Chasu, lugha yetu, alicheka, akashusha bei, akanibebea mkungu mpaka kwenye gari. Lakini kibandani, kwenye sahani, hilo sijaliona. Bei ya sahani inajulikana na watu ishirini waliokaa humo. Mama hawezi kukutajia 5,000 mbele ya mwalimu anayelipa 2,000 kila siku.

Wageni wenyewe hawakuanza kufika juzi. Misafara ya pwani kutoka Pangani ilipita tambarare ya chini ikielekea Kilimanjaro, ikinunua chakula cha Wapare njiani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliweka kituo Shighatini mwaka 1900. Miaka ya 1990 ulipoanzishwa mpango wa utalii wa utamaduni kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, Upare uliingizwa, Usangi kwa kaskazini na Mbaga kwa kusini. Kwa hiyo bei ya mgeni imekuwa na muda mrefu wa kufikiriwa. Mzungu anayekuja kwa mpango ule hulipa zaidi yako, ndiyo, ila ananunua vitu visivyo kwenye sahani yako: mtu wa kumwongoza, maji yaliyochemshwa, chakula kinachopikwa kwa saa anayoitaka yeye, na mchango wa kijiji. Tena akitajiwa dola, ana haki ya kukataa: tangu Machi 2025 kanuni za nchi hii zinakataza bei za bidhaa na huduma kutangazwa kwa fedha za kigeni.

Wanaodhani hii ni tabia ya Kiafrika waende Italia. Kule kahawa unayoinywa umesimama kaunta ina bei yake, na kahawa hiyo hiyo ukiinywa umeketi mezani ina bei nyingine. Migahawa mingi hutoza coperto, fedha ya kuketi na kuwekewa kitambaa na mkate, uule usiule. Mkoa wa Lazio, lilipo jiji la Roma, ulilazimika kuipiga marufuku kwa sheria mwaka 2006. Na Venice, Aprili 2024, ilianza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 siku maalumu, kabla hata hajameza mate ya jiji. Kibandani kwetu kuketi ni bure. Mvua ikinyesha watu huketi saa mbili kwa chai moja, na anayewatazama vibaya ni paka tu.

Kama mnataka kuona mgeni akikamuliwa kweli, msipande mlima. Bakini barabara kuu. Basi linasimama kwenye hoteli aliyoichagua dereva, mnaambiwa dakika ishirini, na kumi zinakwisha kwenye foleni ya choo. Bei haijaandikwa. Dereva na konda wamekaa meza yao pembeni, wanaletewa kuku ambaye hawatamlipia, mnamlipia ninyi. Mimi katika hoteli moja ya namna hiyo, ambayo nitaiacha bila jina, nililipishwa paja la kuku bei ambayo Shighatini ningenunua jogoo mdogo akiwa hai. Ningebisha, lakini honi ilikuwa imeshapigwa. Abiria anayesikia honi hana hoja. Gharama ile mtu huibeba hadi nyumbani, halafu jioni akisimulia, anasema: Upareni chakula ghali.

Mengine ni madogo, niyapitie mbio. Wanaosema maji ya chemchemi hayahitaji kuchemshwa, wayachemshe. Juu ya kila chemchemi kuna ng'ombe wa mtu. Wanaosema kila siku ni sawa, hapana: upande wa Same, ambako Wasabato waliingia tangu mwaka 1903, kule Suji na Mamba Jumamosi usitegemee kibanda, nunua Ijumaa kabla ya jua kuzama. Na mwezi wa Ramadhani, kwenye vijiji vya Waislamu, pazia la kibanda likiwa limeteremshwa mchana, usilifunue kwa kishindo.

"Kama una ndugu kule, chakula ni bure."

Hili ndilo huniumiza mfukoni, kwa sababu linaaminiwa na watu ninaowapenda. Sahani ya ghali kuliko zote Shighatini ni ile ambayo haina bei. Huwezi kuingia kwa shangazi mikono mitupu. Unabeba sukari kilo mbili, majani ya chai, mchele, mche wa sabuni, na ukipita buchani Mwanga, nyama kilo moja, kwa kuwa ukipita bila kununua kuna mtu atakuwa amekuona. Shangazi naye akikuona hatakula alichopanga kula. Atamtuma mtoto amkimbize jogoo. Jogoo yule alikuwa ada ya daftari, au alikuwa wa Krismasi. Mtakula naye mkicheka, na hakuna atakayemtaja. Kesho yake binamu wawili watakuja kukusalimu, na hizo salamu zina nauli ya kurudi.

Sisemi msiende kwa ndugu. Mimi nakwenda, na kuku wa shangazi nikiletewa namla hadi shingo. Nasema tu msimwambie mtu kwamba ni bure, halafu mkamletea shangazi wageni sita saa kumi jioni bila simu.

Wale vijana wanne wa mabegi mwaka jana walifanya hivyo hivyo kwa mama wa kibanda. Waliibuka jioni, wakakuta sufuria zimeanikwa, wakakaangiwa chipsi, wakaondoka wakinung'unika. Mwezi uliopita mmoja wao alinifuata ofisini, anataka kurudi na wenzake. Nilimpa namba, nikamwambia apige pale pale mbele yangu. Akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni sisi wa mwaka jana. Wa chipsi."

Kimya kidogo. Halafu kicheko. "Mliosema hapaliki?"

"Ndio sisi, mama. Safari hii tuko sita. Wenzangu wako Moshi, mimi nawafuata na basi la usiku. Kesho saa nane tutakuwa kwako. Tunaomba makande."

"Makande, kesho, saa nane." Nilisikia kitu cha bati kikiburuzwa sakafuni. "Kuna asiyetumia maziwa?"

"Hakuna."

"Nitumie elfu nane."

"Na ya kutolea, mama."

"Haya baba. Kata simu basi, mahindi bado sijayatwanga."